Mwoga wa Siku za Kazi

Nilipoacha chuo nilinunua baiskeli ya mtumba ili niokoe nauli. Siku ya tatu, kwenye Jogoo Road, konda alining'inia mlangoni mwa matatu, akagonga bati karibu na sikio langu: "Madam, rudi nyumbani!" Nikashuka, nikaisukuma hadi mtaani. Kakangu akasema wanawake ni waoga tu, hivyo ndivyo tulivyoumbwa. Karibu mwaka mzima nilimwamini.

Lakini hebu tuulize historia. Mei 1897, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipiga kura kuamua kama wanawake wapewe digrii. Wanafunzi wa kiume wakatengeneza sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli, wakaining'iniza juu ya barabara. Kwa nini baiskeli na si kitabu? Kwa sababu miaka ile baiskeli ilimpeleka mwanamke alikotaka bila kusindikizwa. Kuna madaktari walioonya ati kuendesha kungemharibu uso. Pendekezo likaangushwa, digrii kamili zilikuja 1948. Kumbe kilichowasumbua watu wale hakikuwa woga wa mwanamke. Ilikuwa ni ujasiri wake.

Sasa twende Uholanzi. Mwaka 1971, ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 huko, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi, akina mama wakiwa mstari wa mbele, wakaandamana na kufunga barabara, wakidai watoto waache kuuawa. Mafuta yalipoadimika 1973, serikali ikapata sababu nyingine ya kusikiliza. Njia za baiskeli zikajengwa, kasi ya magari ikapunguzwa mitaani. Leo wanawake wa Uholanzi huendesha baiskeli sawa na wanaume, hata kuwapita kidogo. Si ati walibadilishwa damu. Barabara ndiyo iliyobadilishwa.

Sisi je? Boda boda zilianzia Busia, mpakani, miaka ya 1960, zikiwa baiskeli. Karibu miaka sitini baadaye, mwanamke bado tunamwona zaidi kwenye kiti cha nyuma.

Baiskeli yangu sijaiuza. Iko chini ya ngazi. Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla matatu hazijajaa, naitoa, naingia Jogoo Road ileile, na siogopi kitu. Kakangu bado hajanijibu: ni mwoga gani huyu anayepona kila Jumapili, halafu anaugua tena Jumatatu?