Makaa, Ndege na Hewa Tunayovuta

Baridi ya alfajiri hapa Ndalu unaijua. Saa kumi usiku mama ameshaamka kupika daku, magunzi yanafuka mpaka macho yanatoka machozi. Wengine wanaona afadhali jiko la makaa, maana halina moshi. Wanaliingiza ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanaota moto. Hatari iko hapo hapo, na habari yake inaanzia mbali.

Inasimuliwa kwamba tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 925 hivi, alitakiwa achague mahali pa kujenga hospitali mjini Baghdad. Akaamuru vipande vya nyama vitundikwe sehemu mbalimbali za mji. Pale nyama ilipochelewa kuoza, akasema hewa ya hapa ni nzuri, jengeni. (Wanahistoria wana shaka, kwani hospitali inayotajwa kwenye kisa ilifunguliwa zaidi ya miaka 50 baada yake.) Lakini wazo lenyewe ni zito: pua ya mtu haitoshi, tafuta kitu kingine kikupe habari ya hewa.

Kusafisha hewa kulikuja baadaye, na dawa ikawa ni makaa haya haya. Mwaka 1854 mwanakemia wa Scotland, John Stenhouse, alitengeneza barakoa yenye makaa ndani. Kipande cha makaa kina vitundu vidogo mno visivyohesabika, na gesi nyingi zikipita hunasa humo. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walipofungulia gesi ya klorini kule Ypres, Ubelgiji, askari hawakuwa na kinga yoyote. Walianza na vitambaa vilivyoloweshwa dawa, na kabla vita havijaisha barakoa za makaa zilikuwa zimeenea.

Sasa sikia ajabu. Gesi ambayo makaa hayawezi kuinasa vizuri ni ile yanayoitoa yenyewe yakiungua: kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Ikiingia kwenye damu hukamata nafasi ya oksijeni, tena hung'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala. Basi. Jirani akija asubuhi anakuta jiko limeshazima.

Aliyeifuatilia sana gesi hii ni daktari John Scott Haldane. Mwaka 1896 mgodi wa Tylorstown, Wales, ulilipuka, naye akachunguza maiti. Akaona wengi hawakuuawa na mlipuko bali na hewa iliyobaki. Akashauri wachimbaji washuke na kiumbe mdogo, panya au ndege, kwa sababu mdogo huzidiwa kabla ya mtu. Ndege aina ya kanari wakawa kazini katika migodi ya Uingereza hadi 1986, vilipochukua nafasi yao vyombo vya umeme. Kumbe nyumba zetu nyingi hazina ndege wala chombo! Tulicho nacho ni mlango, na kulitoa jiko nje kabla ya kulala.

Tangu hapo wataalamu wamejaribu kutia kazi ya kiumbe ndani ya kimashine. Mwaka 1962 Mmarekani Leland Clark alieleza jinsi ya kuunganisha kimeng'enya na waya wa umeme ili kupima sukari ya damu. Kile kimashine cha kudunga kidole, ambacho mgonjwa wa kisukari hukitumia kujua kama sukari imeshuka akiwa amefunga, kimetokana na wazo hilo.

Lakini viumbe wenyewe hawajastaafu. Hapo Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa. Wengine hunusa mabomu ya ardhini. Magawa, aliyezaliwa huko, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Cambodia. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa kutafuta kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Na mshahara wao ni ndizi.