Laptopu Yachaji Wati 15 Tu? Anzia Kwenye Waya

Wengi wanaoniletea laptopu za USB-C wana kilio kimoja: chaja imeandikwa wati 65, kipimo chasoma 15. Kabla hujalipa ubadilishiwe tundu, tazama volti. Wati ni volti mara ampia. Ukiona volti 5 na ampia 3, basi chaja na laptopu hazijaelewana. Zikielewana, volti hupanda, mara nyingi hadi 20.

Mimi huanzia kwenye waya. Ule wa kawaida hupitisha ampia 3, kwa hivyo kwa volti 20 mwisho wake ni wati 60. Kuzidi hapo wataka waya wa ampia 5, wenye chipu ndani yake. Waya wa simu wenye kichwa kipana cha USB ya zamani usikupotezee wakati.

Kisha tundu. Zima laptopu, chomoa chaja, toa vumbi taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Ukiona kutu ya kijani (chumvi ya pwani hii haina huruma) mpelekee fundi.

Na usipime betri ikikaribia kujaa; hapo wati hushuka zenyewe. Pima ikiwa chini ya nusu.

Bado volti 5? Azima chaja nyingine. Ikipanda, laptopu ni nzima, mbovu ni chaja.