Fahamu Sheria Kabla ya Kutafuta Metali Katika Maeneo ya Kihistoria Katavi

Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, una dhahabu na una historia. Wachimbaji wadogo wa Mpanda hutumia kifaa cha kutambua metali ardhini, maarufu kama detekta, katika shughuli zao halali. Kifaa hichohicho kikipelekwa kwenye ngome, makaburi au mahame, sheria nyingine huanza kutumika.

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za milango za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Aidha, Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza mali ya kihistoria ya miaka ya baadaye kuwa chini ya ulinzi.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kuchimba kwa lengo la kutafuta mabaki ya kale bila leseni ni kosa. Leseni ya madini haitoshi. Sheria ya Madini, Sura ya 123, humpa mwenye leseni haki ya madini yaliyo ndani ya mipaka yake, si haki ya sarafu, silaha au mapambo ya watu wa kale. Sheria hiyo pia imeweka masharti ya ridhaa kwa maeneo ya makaburi na ya ibada.

Mfano ni Karema, Wilaya ya Tanganyika, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walianzisha kituo hapo na kujenga ngome, ambayo mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika. Ngome hiyo ni ya baada ya mwaka 1863. Hata hivyo, ardhi yake ina mwenyewe, na chini ya udongo huo panaweza kuwa na mabaki ya makazi ya wenyeji waliotangulia. Detekta haiwezi kutofautisha umri wa kitu kabla hakijafukuliwa.

Wapo wanaoamini kuwa kila jengo la zamani limefukiwa mali za Wajerumani. Ngome ya Karema haikujengwa na Wajerumani. Mwananchi anayeombwa fedha za kukodi detekta au za "dawa" ya kufungua hazina ajihadhari, kwani anaweza kupoteza akiba yake na kujikuta mbele ya sheria.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 1974, utafutaji wa madini hauruhusiwi. Humo pia ndimo ulimo mkwaju unaoheshimiwa kwa matambiko ya Katabi, karibu na Ziwa Katavi.

Anayekutana na kitu cha kale wakati wa kulima, kujenga au kuchimba anapaswa kusimamisha kazi, kukiacha mahali pake na kutoa taarifa mara moja serikalini, kuanzia kwa Mtendaji wa Kijiji au ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kitu kikiondolewa mahali pake, wataalamu hupoteza ushahidi wa nani alikitumia na lini.

Wananchi wanakumbushwa kuwa masuala ya leseni za madini hushughulikiwa na Tume ya Madini kupitia Afisa Madini Mkazi, na ya mambo ya kale na Wizara ya Maliasili na Utalii. Uliza kwanza, ndipo uchimbe.