Mofini ya kunywa (Uganda)

Mofini ya kunywa ni dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, hasa ya saratani, na ndiyo tegemeo la tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi) nchini Uganda. Hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji safi, kihifadhi, na rangi inayotofautisha nguvu ya dawa. Mgonjwa huinywa nyumbani kila baada ya saa 4, bila sindano, na dozi huongezwa kidogo kidogo hadi maumivu yatulie. Kwa kuwa hufunga choo, huambatana na dawa ya kulainisha choo. Hofu ya uraibu imewanyima wagonjwa wengi nafuu waliyostahili; dozi inayopimwa kulingana na maumivu ni salama.

Tiba shufaa nchini humo ilianza 1993, daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, alipoanzisha shirika la Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini, kazi iliyokuwa ya madaktari, ambao vijijini ni wachache mno. Huo ndio uamuzi uliookoa wengi na mateso. Mgonjwa hupewa dawa hii bure.