Mkatale wa London, hukumu iliyomaliziwa na umati

Januari 1703, gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilitangaza zawadi ya pauni 50 kwa yeyote atakayewezesha kukamatwa kwa Daniel Defoe. Tangazo lilimweleza kinagaubaga: mtu wa kimo cha wastani, mwembamba, wa umri wa miaka 40 hivi, pua imepinda, kidevu kimechongoka, macho ya kijivu, na chunjua kubwa karibu na mdomo. Kosa lake lilikuwa kijitabu. Alikuwa amejivika sauti ya wakereketwa wa Kanisa la Anglikana, akapendekeza kwamba Waprotestanti waliojitenga na kanisa hilo wafagiliwe mbali kabisa. Ilikuwa kejeli, lakini kuna waliomshangilia kwa moyo mmoja kabla hawajang'amua kwamba wanaochekwa ni wao. Hasira ilipowapanda, Defoe alitafutwa, akapatikana, akatozwa faini, akarudishwa gerezani, na juu ya hayo akaamriwa asimame kwenye mkatale mara tatu.

Wasomaji wa Biblia wanaukumbuka mkatale wa Filipi uliobana miguu ya Paulo na Sila. Huu wa London ulibana shingo. Ilisimikwa nguzo juu ya jukwaa, na juu ya nguzo zikafungwa mbao mbili zenye bawaba, zilizotobolewa tundu moja la shingo na mawili ya mikono. Ubao wa juu ukishushwa na kufungwa, mtu hawezi kujifuta uso wala kukwepa kinachorushwa. Kwa kawaida alisimama saa moja, karibu na adhuhuri, sokoni au kwenye njia panda, mahali ambapo watu hawakosekani. Hakimu hakuagiza apigwe na chochote. Kazi hiyo ilikuwa ya wapita njia, nao walikuja na mayai viza, matope, mizoga ya paka na, siku mbaya, mawe.

Mwanzoni adhabu hii ilikuwa ya sokoni hasa. Sheria ya karne ya 13 iliwalenga waoka mikate waliopunja uzito. Katika karne ya 14 London iliwasimamisha humo hata wauza nyama iliyooza, na nyama yao ikachomwa chini yao wakiwa wamebanwa, moshi wote ukiwaingia puani. Adhabu ya namna hiyo ilikuwa na mantiki yake. Aliyepunjwa alimwona aliyempunja, na kesho yake alijua mkate asiununue wapi.

Mambo yaliharibika watawala walipoanza kuutumia mkatale dhidi ya maandishi. Mwaka 1637 mwanasheria William Prynne alisimamishwa Westminster pamoja na wenzake wawili, Henry Burton na John Bastwick, kwa kuwashambulia maaskofu. Prynne alikuwa amekwisha kukatwa masikio mwaka 1634. Safari hii yalikatwa hata mabaki, na mashavuni akachomwa chapa. Umati uliotegemewa kuwazomea uliwalilia. Miaka mitatu baadaye Bunge liliwatoa kifungoni, nao wakaingia London wakipokewa kwa shangwe. Mfalme Charles I alikuwa amewatia aibu watu watatu akaishia kuwafanya mashujaa.

Defoe alilijua hilo vizuri. Kabla hajasimama, tarehe 29, 30 na 31 Julai 1703, alikwisha kutunga shairi la kuudhihaki mkatale wenyewe, likauzwa mitaani wakati yeye amebanwa. Inasimuliwa kwamba watu walimtupia maua badala ya mayai. Huenda maua yametiwa chumvi, lakini hakuumizwa, na serikali haikupata ilichokitaka. Mwaka 1765 muuza vitabu John Williams, aliyechapa upya toleo la gazeti la John Wilkes lililomuudhi mfalme, alisimama saa yake huku umati ukimchangia zaidi ya pauni 200. Kwa fedha za wakati ule, hiyo ilikuwa mali.

Msomaji asije akadhani kwamba umati ulikuwa na huruma. John Waller alikuwa akiwasingizia watu unyang'anyi wa barabarani ili apate zawadi ya pauni 40 iliyotolewa kwa kila mnyang'anyi aliyetiwa hatiani. Mmoja wa walionyongwa kwa ushahidi wake alikuwa James Dalton. Juni 1732 Waller alisimamishwa Seven Dials kwa kiapo cha uongo. Edward Dalton, ndugu wa James, alikuwa miongoni mwa waliomfikia. Waller alivutwa chini na kupigwa mpaka akafa, na Edward naye akanyongwa kwa mauaji hayo. Mwaka 1780, huko Southwark, William Smith, aliyeshitakiwa kwa mapenzi ya jinsia moja, alikuwa mfupi kuliko mtambo wenyewe. Akaning'inia kwa shingo huku akirushiwa vitu, akafia palepale.

Kifo hicho ndicho kilichomsimamisha Edmund Burke bungeni. Hoja yake ilikuwa nyepesi na haikujibiwa: sheria ilikusudia kumwaibisha mtu, nayo imemuua. Alitaka adhabu hiyo ifutwe. Alichokipata ni magazeti kumsimanga kwa kuwatetea watu wa aina ile. Mwaka 1810 wanaume sita waliohukumiwa kwa kosa kama la Smith walipondwa kwa matope na matumbo ya wanyama tangu wakiwa njiani kupelekwa Haymarket. Hiyo nayo haikulishtua Bunge.

Lililoshtua ni pale zamu ilipowafikia wakubwa. Mwaka 1814 Lord Cochrane, nahodha mashuhuri wa jeshi la majini na mbunge wa Westminster, alitiwa hatiani kwa ulaghai wa soko la hisa uliotokana na uvumi kwamba Napoleon amekufa. Akahukumiwa mkatale. Mbunge mwenzake, Francis Burdett, akatangaza kwamba atasimama pembeni yake. Serikali ikapiga hesabu ya ghasia zitakazozuka, ikamsamehe sehemu hiyo ya hukumu. Miaka miwili baadaye sheria ikaubakiza mkatale kwa kosa la kiapo cha uongo peke yake.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ubovu wake unapoonekana wazi. Hakimu aliweza kupanga saa na mahali, ila uzito wa adhabu uliamuliwa na waliojitokeza siku hiyo, kwa jinsi walivyompenda au kumchukia aliyesimama. Mwandishi alitoka na sifa, mtu asiye na mtetezi akatoka maiti, na hukumu kwenye karatasi ilikuwa ileile.

Mtu wa mwisho kusimama humo Uingereza alikuwa Peter James Bossy, Juni 1830, kwa kiapo cha uongo. Adhabu ilifutwa kabisa tarehe 30 Juni 1837, siku kumi baada ya Malkia Victoria kurithi kiti. Marekani, jimbo la Delaware liliushikilia mkatale hadi 1905.