Gobore na Kipimo cha Baruti

Lugha ni ghala ya historia. Mtu atakaye kujua jinsi silaha za moto zilivyoingia katika mwambao wetu na aanze kwa kuyapekua maneno. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyotujia kwa njia ya Kiarabu pamoja na vitu vyenyewe. Lakini mzinga ni neno letu: wazee walipoliona lile pipa la chuma lenye uwazi ndani, waliliita kwa jina la gogo lichongwalo kuwa makao ya nyuki. Kadhalika walizipambanua bunduki kwa namna zinavyowashwa: ya mrao kwa utambi, ya gumegume kwa cheche za jiwe, na ya fataki kwa kidonge kilipukacho kigongwapo. Zote hizo zilishindiliwa kwa mdomoni, na jina lililozienea ni gobore.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo na Saadani, na bunduki na baruti zikapanda bara. Nchi ya Mkange, iliyo kaskazini ya mto Wami na nyuma ya Saadani, ilikuwa jirani ya njia hizo. Wazigua walizipata bunduki mapema kuliko majirani wao wengi, wakazitumia katika uwindaji na katika vita. Nyingi kati ya zile zilizoletwa Afrika zilikuwa bunduki kuukuu, zilizouzwa baada ya majeshi ya Ulaya kuanza kutumia zile za kushindiliwa kwa nyuma. Nyingine zilitengenezwa kwa bei rahisi katika miji ya Birmingham na Liège.

Mjini Birmingham palikuwa, tangu mwaka 1813, na nyumba maalumu ya kujaribia mitutu. Mtutu ulitiwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukapigwa hali watu wamejitenga nao. Ulio mbovu ukapasuka hapo hapo. Mwindaji wa kwetu alipokea bunduki iliyokwisha kuliwa na kutu, na baruti ambayo nguvu yake hakuijua. Jaribio lake likawa ni kuipiga, shavu lake likiwa juu ya tako.

Kwa hiyo hakuwa na budi kuzisoma dalili. Mdeki ulimpa ya kwanza: sehemu yake inayobaki nje ya mtutu huonyesha kina cha shehena, na ikizidi kuwa ndefu, ama baruti ni nyingi, ama bunduki imeshamiriwa mara mbili, ama risasi imekwama katikati. Hilo la mwisho ni baya mno, kwa kuwa uwazi ukibaki kati ya baruti na risasi, mtutu huweza kuvimba au kupasuka. Dalili nyingine hutokea baada ya mlio: teke kali begani lisilo la kawaida, moto mwingi kutoka katika tundu la kuwashia, ufa mwembamba kandokando ya tundu hilo, au uvimbe katika chuma uonekanao kwa kidole kabla ya jicho.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alibuni baruti isiyotoa moshi mwingi. Baruti hiyo, kadiri inavyobanwa, ndivyo inavyozidi kuungua upesi, na kadiri inavyoungua upesi ndivyo inavyozidi kujibana. Kipimo kilichotosha baruti nyeusi, kikijazwa hii mpya, huweza kuupasua mtutu. Hata wawindaji wa Marekani na Ulaya wajazao risasi zao wenyewe huzitazama dalili za namna hiyo: fataki iliyobapatika, ganda lililopasuka au kukwama, mtambo uliokuwa mgumu kufunguka.

Lakini kwa nini gobore lilidumu kwetu wakati ulimwengu umekwisha kuliacha? Si kwa ujinga wa wazee. Mashujaa wa mwambao, Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, walipambana na Wajerumani katika miaka ya 1888 hadi 1890. Mwaka huo huo wa 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika, ukaacha mlango wazi kwa gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo Mwafrika aliachiwa chombo ambacho wenyewe waliokitengeneza walikwisha kukitupa.

Leo Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na silaha za moto zinatawaliwa na sheria ya mwaka 2015. Magobore yaundwayo kwa mabomba ya maji ni hatari kwa mnyama na kwa mwenye kuyashika vile vile. Hatumshauri kijana yeyote kuyagusa. Tunachomtakia kurithi ni ule uangalifu wa wazee, waliojua kwamba chuma hutoa habari kabla ya kuvunjika. Wahenga walisema: ngoma ikilia sana hupasuka. Asiyeipima baruti yake, bunduki itampima yeye.