Beseni la vyombo lililopeleka barua Uingereza: Agnes Pockels na majaribio matatu ya kufanya na mtoto

Hapa kwetu ukitaja sayansi na chakula katika sentensi moja, mtu atakujibu haraka: Mpemba! Na ana haki. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, alitia maziwa yenye sukari kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha. Akachekwa, akaendelea kuuliza, na mwaka 1969 makala yake na Dk. Denis Osborne ikatoka katika jarida la Physics Education. Hiyo unaijua.

Leo nataka nikujulishe kwa mtu mwingine, aliyeanza kuuliza maswali yake miaka themanini hivi kabla ya Mpemba. Hakuwa na friza. Alikuwa na maji, mafuta, sabuni na kipande cha bati. Na uzuri wa stori yake ni huu: sehemu kubwa ya alichokiona, wewe na mtoto wa miaka sita mnaweza kukiona jioni ya leo mkiwa jikoni. Basi tutakwenda na historia huku tunajaribu.

Kwanza, maji yana "ngozi"

Jaza glasi maji mpaka pomoni, kisha ongeza matone machache polepole. Inama, tazama usawa wa ukingo. Maji yamevimba juu ya glasi na bado hayajamwagika. Yanashikwa na nini?

Molekuli za maji huvutana. Iliyo katikati ya glasi inavutwa na wenzake pande zote. Iliyo juu kabisa haina mwenzake juu yake, kwa hiyo inavutwa pembeni na chini tu. Matokeo yake uso wa maji unakazana, kama unataka kuwa mdogo iwezekanavyo. Hali hii inaitwa mvutano wa uso. Ndiyo inayowawezesha wale wadudu wenye miguu mirefu kutembea juu ya dimbwi bila kuzama.

*Jaribio la 1: matone juu ya sarafu.* Chukua sarafu safi, tuseme ya shilingi 200, na bomba la sindano lisilo na sindano au mrija wa soda. Mwambie mtoto akisie kwanza: yatakaa matone mangapi kabla maji hayajamwagika? Watoto wengi husema matano au sita. Halafu adondoshe, tone moja moja, huku akihesabu kwa sauti. Mrudie mara tano na kuandika kila idadi. Sasa tia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye maji na mrudie mara tano tena. Idadi itashuka waziwazi. Mtoto mdogo atachora matone kwenye karatasi, safu mbili, na aseme ipi ndefu. Wa darasa la nne atafute wastani. Hesabu ni ileile. Umri tu ndio umetofautiana.

Msichana wa Braunschweig

Agnes Pockels alizaliwa Venice mwaka 1862, wakati mji huo ukiwa chini ya Austria. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Austria. Malaria ilimdhoofisha (ndiyo, malaria, Italia ya kaskazini ilikuwa nayo), akastaafu mapema, na mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes akasoma shule ya wasichana ya mji huo. Alipenda fizikia kuliko kitu kingine chochote.

Basi, shule ikaisha, na safari yake ikaishia hapo. Wakati ule vyuo vikuu vya Ujerumani havikupokea wanawake kama wanafunzi kamili. Jimbo la Baden lilifungua mlango mwaka 1900, na Prussia mwaka 1908. Kufikia hapo Agnes alikuwa na miaka 46. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, alikwenda kusoma fizikia Göttingen na baadaye akawa profesa. Agnes alibaki nyumbani kuuguza wazazi, kupika na kusafisha. Alichopata kutoka chuo kikuu ni vitabu alivyoletewa na mdogo wake.

Naomba usimame hapo kidogo. Wazazi walewale, nyumba ileile, vitabu vilevile. Mmoja akapata maabara, mwingine akapata beseni.

Lakini beseni nalo lina mambo yake. Karibu mwaka 1880, akiwa na miaka 18 hivi, Agnes alianza kufuatilia jinsi uso wa maji unavyobadilika ukiguswa na mafuta au sabuni. Kufikia mwaka 1882 alikuwa ametengeneza kifaa chake: kihori cha bati chenye urefu wa sentimita 70, upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 2, kimejazwa maji mpaka ukingoni. Juu yake alilaza kipande chembamba cha bati, kikigusa uso wa maji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akikisukuma, kilifagia uchafu wote wa juu ya maji na kuubana upande mmoja. Nyuma yake maji yalibaki safi. Kisha, kwa mizani ndogo, alipima nguvu inayohitajika kukibandua kisahani kidogo kutoka kwenye uso wa maji. Nguvu hiyo ndiyo iliyomwambia mvutano wa uso ni mkubwa kiasi gani.

*Jaribio la 2: pilipili inayokimbia.* Mimina maji kwenye sahani pana, nyunyiza pilipili manga ya unga. Mtoto aguse maji katikati kwa kidole kikavu: hakuna jipya. Sasa apake kidole sabuni ya maji na aguse tena. Pilipili yote itakimbilia ukingoni kama imefukuzwa!

Watu wengi huishia hapo, wakapiga makofi. Wewe usiishie hapo. Mwambie mtoto anyunyize pilipili tena kwenye maji yaleyale na aguse tena kwa sabuni. Haikimbii. Kwa nini? Mwache afikirie. Mpwa wangu aliniambia pilipili "imeshazoea". Si jibu baya, maana linaweza kupimwa: chukua pilipili mpya. Haikimbii. Badilisha sabuni. Haikimbii. Badilisha maji na usuuze sahani vizuri. Inakimbia! Kumbe kilichobadilika ni uso wa maji. Mara ya kwanza sabuni ililegeza mvutano pale katikati, maji ya ukingoni yakavuta kwa nguvu zaidi na kuibeba pilipili. Mara ya pili sabuni imeshaenea kote, hakuna upande wenye nguvu kuliko mwingine.

Hilo ndilo alilolielewa Agnes: ukitaka kusema lolote la kweli kuhusu uso wa maji, lazima kwanza ujue ni safi au si safi. Kipande chake cha bati kilitatua tatizo hilo. Na kiliruhusu jambo jingine zuri zaidi. Aliposogeza bati na kuyabana mafuta katika eneo dogo na dogo zaidi, aliona mvutano unabaki kama wa maji safi, unabaki, unabaki, halafu katika eneo fulani unaanza kushuka ghafla. Kwa nini ghafla? Shika swali hilo.

Barua

Miaka ikapita, karibu kumi, yeye anapima na kuandika. Kisha akasoma kwamba Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa Uingereza, ameanza kuchunguza mambo hayohayo. Tarehe 10 Januari 1891 Agnes akamwandikia barua kwa Kijerumani, akimweleza kifaa chake na matokeo yake.

Rayleigh angeweza kuitupa. Mwandishi hakuwa na shahada wala cheo. Badala yake mke wake aliitafsiri, na Rayleigh akaipeleka kwa mhariri wa jarida la Nature akiomba ichapishwe. Ilitoka tarehe 12 Machi 1891, kwa jina la Agnes mwenyewe. Rayleigh huyu ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1904 (kwa kazi nyingine, ya gesi), na miaka michache baada ya barua ile aliitumia njia ya Agnes katika utafiti wake.

Tone linalopima kisichoonekana

Sasa turudi kwenye lile swali. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alichapisha habari za jaribio lake katika bwawa la Clapham, London. Alimwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai, yakatuliza mawimbi madogo kwenye eneo la karibu nusu eka. Franklin hakuendelea na hesabu, lakini sisi tunaweza. Kijiko cha chai ni kama mililita 5. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Gawanya ujazo kwa eneo, unapata unene wa utando: kama milioni 2.5 za milimita, yaani nanomita 2.5. Huo ni unene unaokaribiana na urefu wa molekuli moja ya mafuta! Na hapo ghafla ya Agnes inaeleweka: mvutano ulianza kushuka pale molekuli zilizotawanyika zilipokosa nafasi na kuanza kubanana, zimejipanga safu moja tu.

*Jaribio la 3: kupima molekuli.* Hili ni la mtoto mkubwa kidogo, kuanzia miaka tisa au kumi, na mtu mzima awepo. Chukua beseni au sinia pana, lioshe na kulisuuza mara nyingi mpaka pasibaki sabuni hata chembe. Tia maji, acha yatulie, nyunyiza pilipili manga iliyosagwa laini sana. Chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya kula, upate tone dogo mno, kipenyo cha nusu milimita hivi. Lilinganishe na mistari ya rula. Gusisha maji. Pilipili itasukumwa na kuacha duara. Lipime kwa rula.

Tuseme duara lina kipenyo cha sentimita 20. Eneo lake ni kama milimita za mraba 31,400. Tone la nusu milimita lina ujazo wa milimita za ujazo 0.065 hivi. Gawanya: unapata kama milioni mbili za milimita. Duara lako likitoka dogo au kubwa zaidi, usishangae. Kukisia ukubwa wa tone ndiko kugumu. Lakini hata ukikosea mara mbili au tatu, umepima molekuli kwa rula ya shule. Ukitumia tone la kawaida, la milimita mbili, utando ungetaka mita za mraba mbili. Ndiyo maana Franklin alihitaji bwawa.

Kutoka kihori cha bati hadi wodi ya watoto njiti

Irving Langmuir wa Marekani aliboresha kihori cha aina hii, akachapisha kazi yake kubwa mwaka 1917, na mwaka 1932 akapata Nobel ya kemia kwa utafiti wa nyuso. Miaka ya 1950 John Clements alitumia kifaa cha ukoo huohuo kuchunguza umajimaji wa mapafu. Akakuta kwamba ndani ya vifuko vidogo vya hewa kuna utando unaolegeza mvutano, vinginevyo vingekuwa vinajifunga kila tunapotoa pumzi. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wakaonyesha kuwa watoto njiti wanaokufa kwa kushindwa kupumua wanaukosa utando huo. Mwaka 1980 madaktari Japani wakaripoti kuwatibu watoto wa namna hiyo kwa kuwawekea utando huo mapafuni. Leo ni tiba inayojulikana duniani.

Na Agnes? Heshima ilimfikia akiwa mzee. Mwaka 1932, akitimiza miaka 70, chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa udaktari wa heshima. Alifariki mwaka 1935.

Tunapenda kusema watoto ni wanasayansi wa kuzaliwa. Sawa, lakini wangapi walichovya vidole kwenye maji ya sabuni na hakuna aliyewajibu? Agnes aliweza kuandika barua ile kwa sababu kwa miaka kumi alikuwa na namba zake kwenye karatasi. Kwa hiyo ukimaliza majaribio haya, mnunulie mtoto daftari. Aandike alichokisia, alichoona, na idadi ya mara alizorudia. Na kama nyumbani kwako kuna binti anayeosha vyombo huku kaka yake akifanya homuweki, leo wabadilishane. Kaka atasuuza. Binti ana duara la kupima.